Geji ya oili imepanda, basi injini ishushwe?

Mmenizoea kwa habari za bumu na asaimenti, ila leo ni injini. Vumilieni kidogo, na nyie walimu wenzangu mtaona kwa nini.

Kaka yangu ana Subaru Impreza ya tabo, mtumba kutoka Japani. Aliyekuwa nayo huko aliongeza geji ya joto la oili na kipoza oili nyuma ya bampa la mbele. Mwezi uliopita, akipanda Kitonga kwenda Iringa, geji ikagonga nyuzi 130. Fundi akaiangalia geji tu, akasema beringi zimekwisha, injini ishushwe. Hela iliyokuwepo ndani ni ada ya mdogo wetu wa kidato cha tano. Kaka akanipigia: "Dogo, wewe si unasoma fizikia? Nishushe nisishushe?"

Nikamwambia, kaka subiri, kwanza nijibu maswali.

La kwanza, inapanda wapi? Akasema kwenye foleni ya Ubungo inatulia 95 mpaka 100. Inapanda mlimani na akikimbiza kwa muda mrefu, na geji ya maji haitikisiki. Hilo peke yake limefuta mengi. Ingekuwa feni, foleni ndiyo ingemuumbua, na ingekuwa rejeta, maji nayo yangepanda. Injini ikifanya kazi nzito oili inabeba joto la pistoni, beringi na tabo. Kwa hiyo swali ni je, joto hilo linatoka?

La pili, geji inasema kweli? Sensa nyingi za joto ukinzani wake hushuka joto likipanda, kwa hiyo waya uliochubuka ukigusa bodi, geji inasoma moto wa uongo. Lakini uongo huo huruka ghafla. Lita nne na kitu za oili haziwezi kuruka nyuzi 30 kwa sekunde moja. Ya kaka ilipanda polepole na kushuka polepole. Basi ni kweli.

La tatu, oili ipo na ni ya aina sahihi? Ikipungua, ile kidogo iliyobaki inazunguka bila kupumzika. Kijiti kilionyesha ipo, na aina ilikuwa ile ya kitabu cha gari.

La nne ndiyo beringi. Oili ikichemka sana inakuwa nyepesi, presha inashuka, na hapo kweli beringi zinakufa. Lakini hilo linapimika bila kushusha kitu: funga geji ya presha ya mkono injini ikiwa ya moto, halafu kata filta ya oili uangalie vipande vya chuma. Fundi wa pili akafanya yote mawili. Presha safi, filta safi.

Akafungua bampa. Mapezi ya kipoza oili yalikuwa yamezibwa na udongo mkavu na wadudu, hewa haipiti kabisa. Akayaosha kwa maji ya taratibu kutokea nyuma. Juzi kaka kapanda Kitonga tena: 112.

Kwa wenye magari ya hivyo: 90 mpaka 110 ni kawaida, 120 mlimani na oili nzuri usiogope, 130 punguza mwendo. Na chini ya 80 usikanyage sana, oili bado nzito.

Sasa wenzangu wa ualimu. Mtoto akipata 3 kwa 10, ile 3 haikuambii ni hesabu hajui, swali hakulielewa, au asubuhi hakula. Wengi tunaandika "ongeza bidii" kwa wino mwekundu, tunageuza daftari. Huko nako ni kushusha injini kwa kuangalia geji. Uliza kwanza inapanda wapi.

Ada imelipwa jana. Nawahi lekcha ya saa nane, tuonane wiki ijayo.