Vidonda Viliisha, Woga wa Sahani Ukabaki

Wengi mmeniuliza mbona sipendi kupiga picha za chakula. Sawa, leo nasema.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Meru, githeri ilipoanza kunichoma tumbo hadi mgongoni. Nesi wa shule alinipa tembe za kutafuna, akasema nipunguze mawazo. Mawazo gani jameni, na miaka 15?

Basi nikajitibu: nikaacha kula. Githeri nampa jirani yangu mezani, jioni nakunywa chai tu. Halafu sifa zikaanza. "Umekonda vizuri! Unafanyaje?" Ukweli ni kwamba nilizipenda hizo sifa, na hapo ndipo mambo yaliharibika.

Likizo nikapanda matatu: Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, mpaka Embu. Shosho kuniona tu, akachinja kuku. Sikumgusa. Akadhani naringa.

Hospitalini walipima choo, wakapata bakteria anayeitwa H. pylori. Zamani hata madaktari walilaumu pilipili na mawazo, hadi Barry Marshall, daktari wa Australia, alipomnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984 na tumbo lake likavimba kwa ndani. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel 2005. Mimi nilipewa antibayotiki mbili na omeprazole, siku 14. Bakteria akaisha.

Lakini sahani bado ilinitisha. Nilikuwa nahesabu punje za mahindi kabla ya kula. Na tumbo likikaa tupu linauma, nawe unadhani vidonda vimerudi, unazidi kuacha kula. Hakuna aliyeniuliza kuhusu hilo. Kwetu msichana akikataa chakula, eti ana mimba ama anajiona. Kwamba anaogopa, hiyo haiko kwenye orodha.

Ilibidi nirudi kwa daktari na kumwambia yote, hata zile sifa. Akanituma kwa mshauri. Kwa hivyo wewe unayegawa githeri yako kila siku, usiseme "tumbo" tu. Sema pia unafurahia ukikonda. Ni ngumu kusema, najua.

Shosho naye aliacha kunisukuma. Alinipa uji kwa kikombe kidogo, akakaa nami akichambua njahi. Siku zingine nilimaliza, zingine sikumaliza. Kuku nilimla Desemba, paja moja.