Uzio wa Uhuru Park

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofunguliwa tena mwaka 1983, vijana wengi wa Tanzania tulivuka kufuata riziki Nairobi. Mimi nilitoka Kilangali, wilayani Kilosa, na ufundi wa cherehani. Siku za Jumapili, sisi tuliopanga chumba kimoja watu wanne tulikwenda kwenye bustani ya Uhuru Park. Watoto walipanda boti ziwani, wahubiri walipaza sauti, na kibarua aliyekesha kazini alijilaza majanini bila kuulizwa na mtu. Mji ulizidi kufurika, lakini pale maskini alikaa bure.

Mwaka 1989 habari zikavuja. KANU, chama tawala, kupitia gazeti lake la Kenya Times na kwa ubia na tajiri wa Uingereza, Robert Maxwell, kilitaka kujenga humo bustanini jengo la ghorofa 60, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai wa vuguvugu la mazingira la Green Belt Movement akaandika barua kwa serikali, kwa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hata kwa balozi wa Uingereza. Bungeni wakamkejeli, yeye na wenzake, eti ni wanawake walioachika. Mahakama Kuu ikamnyima zuio. Uzio nao ukajengwa.

Ninachokikumbuka zaidi ni ukurasa wa barua za wasomaji. Enzi zile kumpinga Moi kulikuwa kujitafutia kuwekwa kizuizini, na mtu alishusha sauti hata akilalamikia bei ya unga. Ghafla wananchi wa kawaida wakaanza kuandika magazetini kwamba bustani isiguswe. Pale tulipokuwa tukishona, gazeti moja lilipita mikononi mwa watu hadi likachakaa. Siku moja mama aliyekuja kupunguziwa sketi alisoma barua nzima kwa sauti, amesimama na pini zimemzunguka kiunoni, na mafundi wote tukasimamisha cherehani kumsikiliza. Naamini woga ulianza kututoka siku zile.

Wawekezaji wa nje walijitoa mapema mwaka 1990, na uzio ukang'olewa mwaka 1992. Maathai alipofariki mwaka 2011, taifa lilimuaga palepale Uhuru Park.

Leo huku kwetu treni ya SGR inasimama Kilosa, mji wa Mikumi unajengeka kando ya barabara kuu, na viwanja vinapimwa kila upande. Nikitaja bustani ya watu wote, watu huniambia tunayo Hifadhi ya Mikumi tangu mwaka 1964. Hifadhi ile ni ya tembo na twiga, na mgeni hulipa langoni. Mtoto hawezi kwenda kuchezea mpira mle.

Ndugu zangu, mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhusu upimaji, nendeni. Ulizeni eneo la wazi liko wapi kwenye ramani, mwonyeshwe, na liandikwe kwenye muhtasari kabla viwanja havijaanza kuuzwa.