Haki Zilifika na Risiti

Siku kasha la dawa lilipofunguliwa, zahanati ya kijijini kwetu, upande wa Butiama, ilijaa watu wazima wasioumwa. Hiyo ilikuwa miaka ya 1980. Makasha yalikuja kila mwezi chini ya mpango wa dawa muhimu uliofadhiliwa na Denmark, na kijiji kizima kiliijua siku yake kama kilivyoijua siku ya gulio. Watu walipanga foleni tangu alfajiri: huyu kichwa, yule viungo, mwingine homa inayopanda usiku. Walikuwa wanajiwekea akiba. Klorokwini na aspirini zilifungwa kwenye pindo la kanga, zikaenda kulala chini ya godoro. Ilipofika wiki ya tatu, mtoto aliyeletwa akitetemeka kwelikweli alikuta rafu tupu.

Nalikumbuka lile kasha kila ninaposikia enzi zile zikisifiwa kwamba tiba ilikuwa bure na watu walikuwa na utu. Bure ilikuwa kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mtu wa kijijini hakudaiwa senti kwenye dirisha la serikali. Utu nao ulikuwepo, ila ulikaa zaidi barabarani, pale vijana walipopokezana kumbeba mgonjwa juu ya kitanda cha kamba hadi barabara kuu ya Musoma kungojea lori. Hakuna aliyewaamuru. Chumbani kwa mganga mambo yalikuwa mengine.

Mama aliingia akasema, "Shikamoo daktari," kwa kijana ambaye angeweza kumzaa. Kijana aliitikia huku anaandika, kichwa chini. Vidonge vilihesabiwa kwa ncha ya kisu juu ya sahani ya bati, vikaviringishwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule. "Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni." Jina la dawa halikutajwa, la ugonjwa pia halikutajwa. Mama alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, "Asante baba," tukatoka. Usiku klorokwini ilituwasha tukajikuna hadi ngozi ikachubuka, na wakubwa wakatufariji kwamba homa inatoka. Muwasho ulikuwa wa dawa yenyewe. Sentensi moja ya mganga ingetosha kutueleza, na hakuna mzazi niliyemfahamu aliyeona kwamba anastahili kuidai.

Siri ndiyo haikuwepo kabisa. Kwenye dirisha la sindano iliitwa kwa sauti, "Wa kisonono wasogee huku," mbele ya wakwe na walimu. Kwa hiyo watu walihama. Wa Musoma alipanda gari kwenda kutibiwa Bunda, wa Bunda akaja Musoma, na njiani walipishana kila mmoja akidhani amejificha. Ugonjwa wa siku tatu ulipewa mwezi mzima wa kuzunguka. Ulipokuja UKIMWI tabia hiyo ilikuwa imeshakomaa. Sheria ya 2008 iliamuru majibu ya mpimwaji yawe siri, lakini hata baada ya hapo nimewajua watu wanaofuata dawa zao mbali na nyumbani. Nauli ikikosekana wanaruka mwezi. Nikiulizwa haki ipi ya mgonjwa iliyotuumiza zaidi kwa kukosekana, nitaitaja hiyo ya siri kabla ya nyingine zote.

Halafu ikaja 1993. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza kwenye hospitali kubwa, ukashuka taratibu hadi zahanati. Mwaka 2001 Mfuko wa Afya ya Jamii ukawekewa sheria, na baadaye kadi ya kaya ya watu 6 ikawa shilingi 30,000. Ni katika miaka hiyohiyo ya stakabadhi ndipo kuta zetu zilipoanza kubandikwa haki za mgonjwa. Yaani mwanakijiji alianza kuambiwa ana haki ya kueleweshwa na kuheshimiwa wakati uleule alipoanza kuambiwa alipe. Hilo bado linaniuma. Haki ile mama yangu alikuwa nayo tangu mwanzo, alipoingia mikono mitupu na ushungi wake, na ilipaswa kutamkwa wakati huo.

Siku hizi, kwenye kituo kimoja cha Musoma ninakopimia presha, orodha imechapwa vizuri, herufi kubwa. Kuhudumiwa kwa heshima. Kuelezwa ugonjwa na tiba. Kutunziwa siri. Kukubali au kukataa matibabu. Kutoa malalamiko, namba ya simu ya mganga mfawidhi ipo chini yake. Kisha wajibu: kusema ukweli kuhusu ugonjwa na dawa ulizotumia, kumaliza dozi, kuheshimu watumishi, kutunza mali ya kituo. Ni maneno mazuri na nayaamini yote. Benchi la kungojea limeegemezwa kwenye ukuta huohuo, chini kabisa ya orodha, kwa hiyo foleni nzima imeipa mgongo. Mlango wa daktari uko wazi, anayefuata ameshaingia na kukaa, anamsikiliza mwenzake akieleza habari za tumbo la uzazi.

Na sisi tuliokaa benchi? Bibi mmoja pembeni yangu alinong'ona kwamba ana wiki mbili anakunywa mizizi. Chumbani aliulizwa ametumia dawa gani, akajibu, "Sijatumia kitu." Aliogopa kufokewa, kama walivyofokewa waliomtangulia. Kijana mwingine kipimo cha haraka kilionyesha hana malaria, naye akasimama dirishani anadai dawa mseto kwa ukali, mpaka nesi akachoka. Nesi yule alikuwa peke yake tangu asubuhi, na nilimwona akinywa maji mara moja tu, amesimama. Kule kwenye kasha la dawa tulinyang'anyana vidonge. Leo tunanyang'anyana muda wa mtu mmoja.

Huko Bunda nilimsindikiza shangazi, umri wake umepita 60 muda mrefu, na kitambulisho cha mzee anacho. Alipishwa mbele kama kibao kinavyosema, na hilo enzi za mama lisingetokea, kisha akaonwa bila kulipa. Dirisha la dawa likamwambia dawa hakuna, aende akajaribu duka la dawa muhimu ng'ambo ya barabara. Alishukuru kwa mikono miwili, akatoka na karatasi. Nilirudi dirishani kuuliza zitakuja lini. Nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba zimeagizwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nami naiombea heri, lakini kadi inahitaji kukuta dawa ndani.

Kitu kimoja cha zamani natamani kirudi, nacho si tiba ya bure. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza habari za mbu, maji na choo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba. Baba alikuwa kwenye kikundi chake chini ya mwembe, na alichimba cha kwetu kisha akasaidia kwa jirani mjane. Pale wajibu ulikuwa wa watu wengi pamoja, na ulianza kwa kuelezwa sababu.

Leo zahanati kwa utaratibu inapaswa kuwa na kamati yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, yenye mamlaka ya kuuliza fedha zimekwenda wapi na dawa zimeishaje. Mjumbe mmoja wa kile kituo ninakopimia presha ni jirani yangu, mtu mwema. Mwezi uliopita nilimwomba atuitishe kikao, tumuulize mganga wa pale kuhusu ule mlango ulio wazi. Akasema nimpelekee majina ya watu 10 watakaokuja kweli. Mpaka sasa nimepata 6.