Ng'ombe wa Plau na Shahada ya Siasa

Katika nyumba nyingi za Waislamu, neno siasa hutajwa kwa tahadhari. Kijana akisema anataka kuwa daktari, wazee humwombea dua. Akisema anataka ualimu, humpongeza. Akisema anataka kusoma sayansi ya siasa, huulizwa kama amekosa jingine la kusoma. Ndivyo nilivyoulizwa mwaka 2018, nilipomaliza kidato cha sita na kuchaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba yangu mdogo, mtu mpole asiyependa kumvunja mtu moyo, aliniambia, "Binti yetu, siasa ni uongo. Utakwenda kusomea uongo miaka mitatu?"

Baba mzazi hakulizungumzia hilo. Yeye ni mkulima wa pamba hapa Bariadi, na shaka yake ilikuwa nyingine. Alikuwa amesikia kwamba mkopo wa elimu ya juu uliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na kwamba aliyechelewa kuanza kulipa aliongezewa adhabu ya asilimia 10. Akauliza kwa watu wa elimu kama nyongeza hiyo ni riba. Majibu aliyopata hayakufanana: wapo waliomwambia ni riba iliyobadilishiwa jina, na wapo waliompa udhuru wa dharura. Shaka haikumtoka. Akasema, "Mwanangu, ada nitaitafuta. Lakini hiyo asilimia sita siujui mlango wake, na sitaki nikuingize mahali ambapo siwezi kukutoa."

Tukakaa shauri baada ya sala ya Isha: baba, mama, baba mdogo, bibi na mimi. Ilipopita saa ya pili, uamuzi ukapatikana. Ng'ombe wawili wa plau wangeuzwa. Anayeijua Simiyu anafahamu uzito wa maneno hayo. Ng'ombe wa plau ndio mkono wa mkulima. Akiwauza, msimu unaofuata ataazima kwa jirani au atashika jembe la mkono, na shamba litapungua. Bibi akafunga kikao kwa dua, akaniambia nisiwasahau wale ng'ombe.

Nikaenda Mlimani kusoma siasa na utawala wa umma. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa majina mageni: Plato, Aristotle, Hobbes, Locke. Kila mmoja wao alikuwa akiuliza, kwa namna yake, swali ambalo hata mtoto wa Bariadi analijua: nani aamue, kwa idhini ya nani, na akidhulumu azuiwe vipi? Nilipoyazoea masomo niliona kwamba kwetu tayari nilikuwa na mfano wa kufundishia. Mimi nilizaliwa mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nyumba yetu haikusogea hata hatua moja, lakini tukawa watu wa mkoa mwingine, na makao makuu yakawa hapa hapa Bariadi. Shida iliyompeleka mtu Shinyanga, sasa anaipeleka mjini kwake. Huo ni uamuzi wa siasa, na hapakuwa na uongo wowote ndani yake.

Mfano wa pili ulikuja kwa uchungu. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Wakulima walifurahi. Lakini bei ya soko la dunia ilikuwa imeshuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi na stakabadhi mkononi bila fedha. Baba alikuwa mmoja wao. Ada yangu ya mwaka wa pili ilikuwa ndani ya pamba ile iliyokwisha kupimwa na kuchukuliwa. Darasani tulikuwa tukijifunza namna sera ya umma inavyotungwa, na namna nia njema inavyoweza kumuumiza yule yule iliyemkusudia, endapo hapakuwa na hesabu ya nani atalipa na lini. Nikirudi bwenini nilikuta ujumbe wa mama: bado hatujalipwa.

Nilikaribia kuahirisha masomo. Mama akatoa akiba ya biashara yake ya maandazi, waumini wa msikiti wetu wakachangia, nikalipa kwa awamu. Fedha ya pamba ilifika baadaye. Tangu siku hizo sikuweza tena kusoma neno "sera" kama neno la mtihani tu.

Katika maktaba nilimsoma pia Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kuandika Muqaddimah mwaka 1377. Alieleza jinsi dola inavyosimama kwa mshikamano wa watu wake, na jinsi inavyodhoofika pale watawala wanapozoea anasa na kuwazidishia raia kodi hadi mtu akakosa hamu ya kufanya kazi. Nilimsoma nikiwakumbuka wakulima wa kwetu, ambao mavuno yao hupitia mikono mingi kabla fedha haijawafikia. Niliona pia kwamba mambo tuliyofundishwa madrasa, yaani shura, uadilifu na amana, ndiyo maswali makuu ya fani hii. Qur'ani ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura. Vipi basi Mwislamu aone kwamba elimu ya kushauriana na kuamua mambo ya watu si yake?

Historia nayo ilinijibu. Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU kuanzia mwaka 1955, akiwa mwanamke wa Kiislamu wa Dar es Salaam mwenye elimu ndogo ya shule. Huku Usukumani, mwaka huo huo, wakulima wa pamba waliunganisha vyama vyao katika ushirikiano mkuu wa Victoria, ulioongozwa na Paul Bomani, ili wasinyonywe kwenye mizani. Hapa Bariadi ametoka pia John Cheyo, aliyegombea urais kupitia UDP mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza baada ya kurudi kwa vyama vingi. Watu wa pande hizi hawajawahi kuwa watazamaji tu.

Mwaka wangu wa mwisho ulikuwa 2021. Siku ya Mei Mosi Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa ile asilimia 6, na mwaka huo huo adhabu ya asilimia 10 ikafuatia. Baba alisikia habari hiyo redioni, akanipigia simu. Hakunung'unikia ng'ombe wake. Aliuliza tu, "Kumbe lilikuwa jambo la kuamuliwa?" Nikamjibu, "Ndiyo baba, liliwekwa na watu, na limeondolewa na watu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kasome hayo."

Sitamficha msomaji: shahada hii haina ajira inayosubiri mlangoni. Niliomba kazi nyingi, sikupata. Nimerudi Bariadi, na leo ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Katika mkutano mkuu huwasomea wanachama hesabu, kato moja baada ya jingine, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kisha ninasubiri maswali. Miaka ya mwanzo waliuliza wanaume wawili watatu. Sasa akina mama husimama na kuuliza kwa nini kato hili limeongezeka na nani aliliidhinisha. Mwenyekiti hujibu, na jibu huandikwa. Mshahara wangu ni mdogo, na ng'ombe wa baba bado sijawarudisha wote. Mmoja amekwisha kununuliwa.

Ndugu mzazi, mwanao akikuambia anataka kusoma siasa, usimfukuze kwa neno la uongo. Kaa naye shauri. Muulize ada itatoka wapi, ataishi na nani huko mjini, na atafanya nini endapo ajira haitapatikana. Muulize pia elimu hiyo itamfaa nani zaidi yake. Bei ya pamba yako, ada ya mwanao, zahanati ya kata yako na barabara ya kwenda kwako huamuliwa na watu waliokaa mahali fulani. Si vibaya miongoni mwao akawemo mmoja anayemcha Mwenyezi Mungu, aliyesomea kazi hiyo, na anayejua thamani ya ng'ombe wawili wa plau.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na awalipe kheri wazazi wanaoigharimia. Amin.