Tembea kwa Mwendo wa Mtoto



Likizo ya Agosti imefika na kwenye grupu letu la WhatsApp swali ni moja tu: watoto tunawapeleka wapi? Leo naongea na yule ambaye swali hilo likiulizwa ananyamaza. Wewe una mtoto mwenye usonji, au mtoto ambaye bado hamjapewa jina la hali yake, na ulishaamua kimoyomoyo kwamba safari ni za watu wengine.

Naongea kama mchungaji, lakini zaidi kama baba. Mtoto wetu wa pili, kijana wa miaka saba, ana usonji. Wengi wenu mnamjua. Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu mtandao hausahau, naye hajafika umri wa kuniruhusu.

Mnaikumbuka siku ya familia ya kanisa, mwaka juzi, siku ya pili baada ya Krismasi. Tulikodi basi hapa Ziwani, tukaimba njia nzima. Kule tulikokwenda kulikuwa na spika kubwa, baluni, foleni ya kupanda mashua, na watu kama siafu. Mimi nilishika maikrofoni. Sikumbuki kumtazama mwanangu hata mara moja ile asubuhi.

Saa sita hivi nikasikia mayowe. Alikuwa amelala chini kwenye vumbi, amejiziba masikio, anajiuma mkono. Washirika wakatengeneza duara. Mtu akasema, "Pasta, hii si kawaida." Nami, wapendwa, mbele ya macho yote hayo, niliinama juu ya mtoto wangu nikaanza kukemea kwa sauti ya maikrofoni. Kadiri nilivyopaza sauti, ndivyo alivyozidi kulia.

Aliyemtuliza ni dada yake, wakati huo ana miaka tisa. Alipenya kati ya miguu ya watu wazima, akamfunika kwa leso ya mama yake, akakaa chini kando yake bila kusema neno. Ilichukua kama robo saa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na upako wangu wote, sijui niweke mikono wapi.

Usiku ule, watoto wamelala, mama watoto akaniuliza pole pole, maana nyumba zetu hizi jirani anasikia hata ukikohoa: "Baba, pale ulikuwa unamwombea yeye au ulikuwa unajiombea wewe?"

Sikumjibu. Badala ya kumjibu, nilifunga mlango. Sikutangaza, lakini kwa mwaka mzima na zaidi hatukwenda popote pamoja. Harusi, nilikwenda peke yangu. Ushago, mama watoto alibaki na kijana. Nilijiambia namlinda mtoto, kumbe nalinda jina la Mchungaji.

Februari mwaka huu, kwenye maombi ya jioni, kila mtu akataja haja yake. Binti yetu akaomba hivi: Mungu atusaidie twende mahali sote wanne, hata kama ni karibu. Nilisema amina kwa sauti kama kawaida, lakini usingizi haukuja.

Nikafungua Mwanzo 33. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, habari ya ndugu wawili kupatana, na kila mara naishia pale wanapokumbatiana. Usiku ule nikasoma mbele. Esau anamwambia Yakobo waondoke waende pamoja. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamwambia watoto ni wachanga, na mifugo ina wanaonyonyesha, na ukiwaharakisha hata siku moja tu watakufa. Wewe tangulia, bwana wangu. Mimi nitakuja taratibu, kwa mwendo wa watoto.

Yakobo huyo ametoka kushindana usiku kucha, anachechemea. Mbele yake kuna ndugu mwenye watu mia nne. Hakuona aibu kumwambia mtu mkubwa: sitaweza mwendo wako, nina watoto. Mimi nilikuwa nimemburuta mwanangu kwa mwendo wa Esau, tena nikamlaumu kwa kuanguka.

Mpendwa, acha niseme jambo hili wazi, kwa kuwa limeumiza wengi kanisani. Usonji si laana, na mtoto hakuupata kwa sababu mama yake alikosea. Ni jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Sauti, mwanga, harufu, kuguswa, vyote vinaweza kumfikia kwa nguvu kuliko vinavyokufikia wewe. Spika ambayo kwako ni sherehe, kwake ni maumivu. Anapolala chini si utundu na si kukosa kiboko. Amejaa, amefurika.

Na tusidhani ni sisi tu tuliowalaumu akina mama. Daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto hawa kule Marekani mwaka 1943, baada yake ikaja miaka mingi ambapo wasomi wakubwa walisema mama baridi asiye na upendo ndiye chanzo. Ilibidi Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, aandike kitabu mwaka 1964 kupinga uongo huo. Hata hapa kwetu, wazazi ndio waliosukuma. Kile kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, hapo Ngara, mwendo wa miguu kutoka hapa, kilianza mwaka 2003 kwa juhudi za wazazi wa Autism Society of Kenya. Hao hawakufunga mlango.

Basi tukaanza kupanga. Zamani nilikuwa nauliza, "Mahali gani pazuri?" Safari hii tulianza na swali lingine: kijana wetu anapenda nini? Jibu halikuhitaji kufunga na kuomba. Anapenda magurudumu. Nyumbani anageuza toroli ya kuchezea juu chini anazungusha gurudumu hadi chakula kipoe. Mama watoto akasema, "Si tumpeleke Makumbusho ya Reli?" Iko pale karibu na stesheni kuu, tangu mwaka 1971, nami nimepita hapo maisha yangu yote bila kuingia.

Nakuandikia tulivyofanya, uchukue kinachokufaa.

Binti yetu alichora kadi sita: viatu, barabara, lango, treni, chapati, nyumbani. Kila jioni kwa wiki mbili alimwonyesha ndugu yake kwa mpangilio huohuo. Kadi ya mwisho, ya nyumbani, ndiyo iliyomtuliza zaidi. Alitaka kujua kwamba safari ina mwisho.

Jumapili moja baada ya ibada tulifanya mazoezi. Tulitembea hadi langoni tu, tukaligusa, tukarudi.

Matatu tuliiacha kwa sababu ya muziki. Tulichagua siku ya Jumanne likizo ya Aprili, asubuhi na mapema, tukapita Kariokor, tukashuka Racecourse Road kabla Muthurwa haijachangamka. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilimnunulia vizuia masikio, vile wanavyovaa mafundi wa kukata mawe. Chapati na ndengu tulibeba kutoka nyumbani pamoja na kikombe chake, maana chakula kigeni hali. Alivaa fulana ya rangi ya machungwa ili aonekane kwa mbali, na mfukoni tukamwekea karatasi yenye namba zetu mbili za simu. Asubuhi hiyo nilimpiga picha, ili akipotea nisianze kukumbuka alivaa nini.

Na tukagawana kazi mapema: akilemewa, mzazi mmoja anatoka naye na mwingine anabaki na dada yake. Hili usilipuuze. Watoto wetu wengine wamefundishwa bila maneno kwamba siku yao huisha ndugu yao akilia. Binti yangu alikuwa amebeba mzigo huo bila kunung'unika, nami nikadhani ni tabia njema.

Tulipoingia, kijana alikwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha treni namba 5918, kinachoitwa Mount Gelai. Ni katika vile vikubwa vilivyotengenezwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vikavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Uzito wake unazidi tani 250. Kijana akaanza kuhesabu magurudumu kwa kidole, moja moja, hadi 14. Akazunguka upande wa pili, akahesabu tena: 14. Akarudi upande wa kwanza.

Alifanya hivyo kwa dakika arobaini. Ulimi ulikuwa unaniwasha nimwambie, "Njoo uone na vingine, tumelipa." Mama watoto akaniangalia tu. Nikafunga mdomo, nikaketi kwenye nyasi. Nikaanza kuhesabu naye, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba magurudumu hayalingani: makubwa ya kati yameunganishwa kwa vyuma, madogo yako mbele na nyuma. Yeye alikuwa ameyaona zamani. Dada yake akaenda na mama kuona lile behewa ambalo simba alimtoa afisa Charles Ryall kule Kima mwaka 1900, akarudi na hadithi ya kututisha.

Kisha likaja kundi la wanafunzi, kama sitini, na kelele zao za furaha. Kijana akaanza kuguna na kuyumba. Zamani ningesema, "Vumilia kidogo." Safari hii nilitoa kadi ya nyumbani, nikamwonyesha. Akashika mkono wangu. Chapati tulikula nje ya lango, na saa tano na nusu tulikuwa Ziwani. Hatukumaliza hata nusu ya makumbusho, na binti yetu aliniambia ni siku nzuri kuliko zote.

Huu si ushuhuda wa uponyaji, mpendwa. Mwanangu bado ana usonji. Bado kuna usiku hatulali, na mwezi Juni tulijaribu kwenda bustani moja ya jiji tukarudi baada ya dakika kumi na tano. Mimi naamini Mungu anaponya, na bado naomba. Lakini nimejifunza kuomba bila kumwonea mtoto aibu. Siku chache baada ya makumbusho alinijia asubuhi, viatu mkononi, na kadi ya treni. Hajui kusema "Baba, twende tena," lakini alisema.

Soma Marko 7 utaona jambo. Walimletea Yesu mtu kiziwi mwenye shida ya kusema, na umati umejaa. Kabla ya kufanya lolote, Bwana alimtoa kwenye umati, akamweka kando peke yake. Hakumfanya maonyesho. Siku ile mimi niliuita umati usogee.

Sasa neno kwa kanisa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimwona mama ameketi chini na mtoto anayelia, usimwambie amchape, na usilete pepo ambaye hukuonyeshwa. Muulize, "Mama, nikusaidie nini?" Shika mkoba wake. Wahamishe watazamaji. Kaa na yule dada yake. Hiyo ni huduma kamili.

Siku ya familia ya Desemba hii tumekubaliana na wazee: spika haitakuwapo hadi saa sita, kutakuwa na hema la utulivu mbali na watu, na familia itakayotaka kuondoka mapema itaondoka bila kuulizwa. Mimi sitashika maikrofoni. Nitakuwa kwenye hilo hema.

Na wewe uliyefunga mlango, anza na safari ya dakika ishirini. Hadi kwenye lango fulani na kurudi. Uliza kwanza mtoto anapenda nini, kisha mwachie Esau atangulie.

Tuombe. Baba, tusamehe tulipowaonea haya watoto uliotupa. Mpe nguvu mama ambaye leo hajalala. Mkumbuke ndugu na dada anayesubiri zamu yake kimya. Utufundishe mwendo wao, maana wewe mwenyewe umetembea polepole nasi miaka hii yote. Katika jina la Yesu, amina.

Kama ni wewe niliyekuwa naongea nawe, niandikie inbox. Jumamosi moja tutatembea pamoja, na hatutakwenda mbali.