Mbwa wa Marehemu Baba

Juma hili nyumbani kwetu tumefiwa na Simba, mbwa wetu. Wako watakaotabasamu kuona habari za mbwa zimepewa nafasi hapa, wala hatuwalaumu. Katika lugha yetu kumwita mtu mbwa ni tusi zito, na wengi wetu humfunga mchana, humfungulia usiku, na akifa humtupa korongoni bila neno.

Baba alimleta angali mdogo, amemfunika kwa koti la mvua, mwaka ule alipostaafu. Kila mwaka alimpeleka kuchanjwa, akitukumbusha kwamba kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea mwanadamu, karibu hakuna anayepona. Jioni walizunguka kihamba, Baba mbele na fimbo yake, Simba nyuma, wakiikagua migomba kana kwamba ingeweza kuhama. Baba alipofariki tulimzika hapo hapo kihambani, kama ilivyo desturi yetu Wachagga, na Simba akalala siku nyingi kando ya kaburi. Hatudai kwamba alijua mauti ni nini. Mama alimpelekea chakula huko huko.

Kwa miaka minne baada ya hapo walibaki wawili, sisi watoto tukiwa mijini. Tulipopiga simu, nyuma ya sauti ya Mama tulisikia kubweka, nasi tukalala kwa amani.

Alipokufa, Mama alitaka azikwe hatua chache kutoka kwa Baba. Baba mdogo akakataa katakata: pale ni mahali pa wazee, si pa wanyama. Hoja yake ilikuwa na uzito, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumjibu. Mama alijibu kwa upole: “Shemeji, baada ya matanga ninyi nyote mlirudi makwenu. Huyu alibaki.” Hatimaye waliafikiana azikwe ng’ambo ya masale yanayozunguka makaburi. Tukachimba.

Mjukuu mdogo wa nyumba akauliza kama Simba atakwenda mbinguni. Tulimsimulia Kitabu cha Tobiti: kijana Tobia alisafiri na malaika Rafaeli, na mbwa akawafuata, kisha akarudi nao. Mwandishi hakumpa yule mbwa jina wala kazi. Alimtaja tu kwamba alikuwako. Tulimwambia pia kwamba Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vyote vitashiriki nasi uzima ule ujao, vikiwa vimegeuzwa kwa utukufu. Namna yake hakuieleza. Papa huyo huyo, tarehe 5 Januari 2022, alilalamika kwamba baadhi ya wenzi hufuga mbwa na paka mahali pa kuzaa watoto, na onyo hilo tunalipokea. Lakini Mama alizaa, akalea, na watoto wakaondoka. Aliyeisikia hatua ya mgeni usiku kabla yake alikuwa Simba.

Jirani amekwisha kumwahidi mtoto mwingine wa mbwa. Mama hajasema ndiyo wala hapana. Ameagiza tu kwamba kamba ya Simba isitupwe, ibaki palepale msumarini, karibu na koti la Baba.