Tarehe ya jana, salio la Januari

Kuna kosa nililolifanya mwaka 2009 ambalo bado linanitia aibu, na kwa kuwa naona vijana wakilirudia, heri niliandike.

Niliundia chama kimoja cha akiba na mikopo programu ya hesabu kwa PHP na MySQL. Mwanachama akiweka au kutoa pesa, mstari mpya uliingia kwenye jedwali la miamala: namba, mwanachama, tarehe, salio. Afisa wa mikopo akataka orodha ya salio la mwisho la kila mtu. Kazi ya dakika tano, nikadhani:

SELECT mwanachama, MAX(tarehe), salio
FROM miamala GROUP BY mwanachama;

Tarehe zilitoka sawasawa, nami sikuangalia zaidi. Wiki mbili baadaye mama mboga mmoja akanyimwa mkopo. Kitabu chake kilisema 18,400. Karatasi yangu ilisema 2,300, na kando yake tarehe ya jana! Mbele ya foleni nzima akaonekana mwongo.

Kumbe MAX huchagua tarehe kubwa tu, haivuti salio la mstari ule. MySQL ya siku hizo ilichukua salio kutoka mstari wowote wa kundi, bila kulalamika. Wake ulikuwa wa Januari. Nikaongeza ORDER BY tarehe DESC, wapi! Kupanga hufanyika baada ya makundi kuundwa, salio limeshachaguliwa.

Dawa ilikuwa hii:

SELECT m.* FROM miamala m
JOIN (SELECT MAX(namba) AS mwisho
FROM miamala GROUP BY mwanachama) z
ON m.namba = z.mwisho;

Nilitumia namba kwa sababu aliyeweka pesa mara mbili kwa siku angetokea mara mbili kama ningetumia tarehe. (Kama mnaingiza miamala ya nyuma, namba nayo itawadanganya.)

Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL hulikataa swali langu la kwanza isipokuwa uzime ukali wake. Na tangu 8.0 ya 2018 ipo ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY mwanachama ORDER BY tarehe DESC, namba DESC). Unachukua wenye 1, basi.

Nilikwenda sokoni mwenyewe kumwomba msamaha. Alinisikiliza huku akifunga sukuma wiki, kisha akaniuliza, "Na wengine ni wangapi?"

Nilikuwa nimeshahesabu. Walikuwa 37.